Fundi Kwanza, Faiba Baadaye

Mtaa wa Majengo, ulio ndani ya Pumwani upande wa mashariki ya Nairobi, hauko mbali na jambo lolote ambalo watu wa mji huliita maendeleo: umepakana na soko la Gikomba upande mmoja na maduka ya Eastleigh upande wa pili, na mtu mwenye miguu mizima hufika katikati ya jiji kabla saa haijatimia. Nyaya za faiba zimekwisha kupita kandokando yake miaka mingi, zikining'inia juu ya nguzo za umeme, na simu ya mkononi hushika mawimbi karibu kila kichochoro. Walakini ukiingia ndani, penye nyumba za udongo na mabati zilizopangishwa chumba kwa chumba, utakuta kwamba intaneti hununuliwa humo kama mafuta ya taa yalivyokuwa yakinunuliwa, kipimo kidogo kidogo kila jioni, na anayenunua kidogo ndiye anayelipa ghali zaidi.

Imekuwa ada kudhani kwamba ugonjwa huu ni wa waya, yaani kwamba mtaa hauna intaneti ya uhakika kwa sababu waya haujafika. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani, wakati nchi nzima ilipotegemea setilaiti. Lakini mwaka 2009 kebo ya TEAMS ilitua Mombasa kutoka Fujairah, ikafuatwa mwaka huohuo na ya Seacom, na mwaka 2010 ikaja EASSy, nayo serikali ikautandaza mkongo wake wa taifa kutoka pwani hadi bara. Bahari ilivukwa, nyika ikavukwa, na Mto Athi ukavukwa. Kilichobakia ni zile mita mia chache baina ya nguzo ya barabara kuu na mlango wa mpangaji. Nia yangu katika uchambuzi huu ni kueleza jinsi mita hizo zilivyovukwa mahali pengine hapahapa Nairobi, na kwa nini naamini kwamba siri yake ilikuwa mpangilio wa kazi: watu walifunzwa kwanza, na mtandao ukaja baadaye.

Mtandao ninaoukusudia ni TunapandaNET wa Kibera. Taasisi ya Tunapanda ilianza huko kama shule ndogo ya vijana, isiyotoza karo, ambamo kwa muda wa miezi mitatu kijana aliyemaliza sekondari, na pengine asiyeimaliza, alifundishwa kompyuta, uchoraji na ubunifu wa kidijitali, na mambo ya biashara. Waliohitimu aghalabu waligeuka kuwa walimu wa kundi lililofuata. Masomo yenyewe yalikuwa yamehifadhiwa katika seva ya shule, ili mwanafunzi asilazimike kulipia intaneti kila anapotaka kutazama somo moja mara ya tatu. Karibu na mwaka 2016 ndipo lilipozuka swali ambalo kwa sura yake lilikuwa dogo: maadamu masomo haya yako hapa ndani, kwa nini shule ya msingi iliyo ng'ambo ya pili ya bonde isiyapate? Basi wakafunga chombo cha mawimbi juu ya paa la taasisi na kingine juu ya paa la shule, wakavielekeza vitazamane, na shule ya pili ikafuata, kisha vituo vya vijana. Miongoni mwa waasisi wa mtandao huo alikuwa mhandisi Josephine Miliza, ambaye baadaye aliratibu kazi za mitandao ya jamii katika Afrika chini ya shirika la Association for Progressive Communications. Na shirika la kimataifa la Internet Society likauunga mkono kwa mafunzo na vifaa.

Msomaji na aangalie mpango wa mambo. Hapakuwa na mfadhili aliyekuja na kebo akatafuta wa kuitumia. Palikuwapo kwanza kundi la vijana waliozoea kufungua kompyuta na kuifunga tena, waliokuwa wakiishi humohumo, wakijulikana kwa majina na kina mama wauza mboga, na ambao mwenye nyumba hakuwashuku walipomwomba ruhusa ya kupanda juu ya paa lake. Haja ya mtandao ilizaliwa na kazi yao. Ndiyo maana chombo kilipoharibika, fundi alikuwa mwendo wa dakika kumi, na hakuwa na haja ya kuelekezwa njia.

Katika mitaa kama Kibera na Majengo, jambo hili la fundi kuwa karibu ni la kiufundi hasa, wala si la hisia. Mawimbi yatumikayo katika kazi hii, ya gigahezi 5.8, yana urefu wa sentimita tano na kitu, nayo hayapiti bati. Bati huyarudisha kama kioo kirudishavyo nuru. Kwa hiyo haifai kuweka mnara mmoja wenye nguvu na kutumaini kwamba kila chumba kitapata. Sharti kila nyumba, au kila kundi la nyumba, iwe na kipokezi chake nje, juu ya paa, na waya ushuke kutoka hapo hadi ndani. Waya huo una nyuzi 8 zilizosokotwa jozi 4, na huchukua habari pamoja na umeme wa kukilisha chombo kilicho juu. Lakini haufai kuzidi mita 100, na nyuzi zake zisipopangwa kwa utaratibu wa rangi wakati wa kubana kichwa, chombo ama hakitawaka ama kitawaka na kufanya kazi kwa kusuasua, jambo ambalo ni baya zaidi kwa kuwa huchukua siku nyingi kugunduliwa.

Tena haitoshi vyombo viwili kuonana. Mawimbi hayaendi kama uzi ulionyooshwa. Hutanuka katikati ya safari yakawa na umbo la yai refu, na kwa umbali wa kilomita 1 unene wa nusu ya yai hilo hufika takriban mita 3.6 pale katikati. Mafundi hutaka walau sehemu 6 katika 10 za nafasi hiyo ziwe wazi kabisa. Maana yake ni kwamba mlingoti ulioonekana kuwa mrefu wa kutosha mwezi Januari waweza kuwa mfupi mwezi Juni, kwa sababu jirani ameongeza orofa moja, na katika Majengo ya leo, ambako ghorofa za mawe zinaota baina ya nyumba za zamani, jambo hili hutokea kila mara. Ramani ya ofisini haitamjulisha mtu habari hiyo. Atakayejua ni yule apitaye njia hiyo asubuhi akaona kokoto zimemwagwa na fundi mwashi amefika.

Upande wa faiba, hesabu ni nyingine lakini mwisho wake ni uleule. Katika mpango wa kawaida, uzi mmoja utokao kwa kampuni hugawanywa kwa kigawanyo kwenda nyumba nyingi, tuseme 32, na kugawanya huko pekee hula takriban desibeli 17 za mwanga. Vyombo vya daraja la kawaida huvumilia upotevu wa desibeli 28. Kilomita 2 za uzi wenyewe hazili hata desibeli 1. Kwa hivyo fundi amebakiwa na kama desibeli 10 za kuchezea, na kiungo kilichoyeyushwa vizuri hakimgharimu hata moja ya kumi ya desibeli. Kwa karatasi, basi, hakuna linaloweza kuharibika. Lakini kiini cha uzi huo, ambamo mwanga hupita, kina upana wa maikromita 9 tu, na chembe ya vumbi la barabarani yaweza kukifunika chote. Kichwa kilichofungwa bila kupanguswa, kona iliyokunjwa kwa nguvu ili ipite chini ya kizingiti, uzi uliokazwa mno kwa waya juu ya nguzo: hivi ndivyo vinavyozikausha desibeli 10, na vyote vitatu ni matendo ya mkono wa mtu. Nasema hivi kwa kuwa wengi wa wanaopanga miradi hutenga fedha nyingi za kebo na kidogo mno za mkono.

Sasa mkono huo utatoka wapi katika Majengo? Wenyeji wa Pumwani hawajaanza leo kujijengea. Mtaa ulipotengwa na utawala wa kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, ili kuwakusanya Waafrika waliokuwa wametapakaa katika vijiji vya pembeni mwa mji, halmashauri ya mji ilipima viwanja na kuwaachia watu wenyewe wasimamishe nyumba. Nao walizisimamisha kwa mtindo wa pwani, ukumbi katikati na vyumba pande mbili, kuta za miti na udongo. Sehemu kubwa ya wenye nyumba hao walikuwa wanawake, kama alivyoeleza mwanahistoria Luise White katika kitabu chake cha mwaka 1990. Mpango huo, serikali ikitoa msingi na wenyeji wakimalizia, ulikuwa na udhalimu wake, kwa sababu serikali ilijitoa mapema mno na kuacha maji na vyoo haba; lakini unathibitisha kwamba kazi ya kumalizia inawezekana kufanywa na mtaa.

Na hapohapo kando, Kamukunji, wako mafundi wa jua kali wakigonga mabati na vyuma tangu asubuhi. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani juu ya Kenya, iliyotoka mwaka 1972, ndiyo iliyoufundisha ulimwengu wa wachumi kuiangalia kazi ya namna hii kuwa ni ajira yenye hesabu zake, wala si uzururaji. Mlingoti wa mita 6, vishikio vyake, sanduku la chuma la kuhifadhia swichi lisiibiwe, yote haya hutengenezeka Kamukunji. Sioni sababu ya kuagiza kutoka ng'ambo kitu ambacho fundi aliye umbali wa kurusha jiwe angekichomelea kwa kipimo cha paa lenyewe.

Lipo na kundi jingine ambalo wapangaji wa miradi hulipita bila kulisalimia, nalo ni la wale vijana wa waifai waliotapakaa Eastlands yote. Hununua njia moja ya intaneti, huifunga kwenye ruta inayoweza kuhesabu muda wa kila mteja, huvuta waya kutoka ghorofa hadi ghorofa, na kuuza kwa saa au kwa siku, malipo yakipita kwa M-Pesa. Mikataba ya kampuni nyingi hukataza kuuza upya njia ya nyumbani, na sheria yataka mwuzaji awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kwa hiyo wengi wao hufanya kazi mafichoni, na mara kwa mara nyaya zao hukatwa na kuteremshwa nguzoni. Siwatetei katika hilo, kwani waya usio na mwenyewe juu ya nguzo ya umeme ni hatari ya roho za watu. Hata hivyo ni kosa la akili kuwaona kuwa ni wezi tu. Kijana aliyejifunza peke yake kugawa njia ya megabiti 100 kwa wapangaji 50, akaweka kikomo ili mmoja asiye na staha asiwanyime wenzake wakati wa mechi, amekwisha kufika nusu ya njia ya kuwa mhandisi. Amekosa mambo matatu tu: usalama wa kazi ya juu, nadharia ya kumwezesha kujua kwa nini, na cheti.

Cheti si jambo la kupuuzwa. Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, iitwayo NITA, imekuwa ikiwapima mafundi kwa madaraja, kuanzia la tatu hadi la kwanza, na fundi umeme au mwashi asiyewahi kukaa darasani ameweza kwa mtihani huo kupata karatasi ya kumwonyesha mwajiri. Vilevile nchi imeukubali msingi wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Njia hiyohiyo yapasa kupanuliwa iwafikie mafundi wa mitandao wa mitaani, wapimwe juu ya paa na nguzoni, mbele ya chombo halisi, wala wasihojiwe kwa maswali ya kuchagua majibu. Mpango wa Ajira Digital, ambao serikali iliuanzisha mwaka 2016, umejitahidi kuwafundisha vijana kufanya kazi za mtandaoni kwa waajiri wa mbali, na huo ni wema; lakini kuna kichekesho kidogo katika kumfundisha kijana kutafuta kazi Marekani kwa intaneti, ilhali kazi ya kuifikisha intaneti hiyo chumbani mwa mama yake haina wa kuifanya.

Tuje kwenye fedha, ambako matumaini mengi huzama. Bei ya intaneti katika Kenya hubeba ushuru wa bidhaa, uliowekwa kuwa asilimia 15 mwaka 2018, ukapandishwa hadi 20 mwaka 2021, ukateremshwa tena hadi 15 mwaka 2023. Na juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, inayotozwa juu ya bei pamoja na ushuru. Atakayepiga hesabu kwa viwango hivyo ataona kuwa huduma ya shilingi 100 humfikia mlipaji kwa shilingi 133 na senti 40. Kampuni ya poa!, iliyoanzia Kibera pia, ilionyesha kwamba hata pamoja na mzigo huo biashara inawezekana mitaani ikiwa mteja atalipa kabla, kwa vipande anavyovimudu, na ikiwa minara itajengwa ndani ya mtaa wenyewe. Mwaka 2022 wawekezaji wakiongozwa na Africa50 waliipatia dola milioni 28. Huo ni ushahidi kwamba mitaa ya kipato kidogo ina wateja. Lakini kampuni huenda inakopata faida, na mtandao wa jamii huenda kwenye shule isiyoweza kulipa. Hatuna budi kuwa na vyote viwili.

Tena mtandao wa jamii una fadhila moja ambayo kampuni haina haja nayo sana, nayo ni kuweka mambo ndani. Mwezi Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, mtoto wa mtaani aliambiwa asome kwa intaneti ambayo mzazi hakuweza kuinunua. Na tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika kusini mwa Afrika, intaneti ilififia kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi. Masomo yaliyo katika seva iliyoko mtaani hayaguswi na mambo hayo mawili: hayalipiwi bando, wala hayavuki bahari.

Sheria nayo ilikuja, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii, ikaitenga na kampuni kubwa, baada ya miaka ambayo kikundi cha shule tatu kililazimika kuomba karatasi za namna ileile aombayo mfanyabiashara. Lakini liko pengo ambalo halijazibwa. Mfuko wa huduma kwa wote, unaochangiwa na kampuni za mawasiliano kwa asilimia 0.5 ya mapato yao, huelekezwa zaidi kwenye maeneo ambayo mawimbi ya simu hayajafika; na kwa kuwa Majengo, kwa ramani hiyo, imefunikwa mawimbi tangu zamani, haihesabiwi kuwa na upungufu. Ramani ya mawimbi haipimi mfuko wa mtu. Ingepimwa kwa bei ikilinganishwa na kibarua cha siku moja Gikomba, Pumwani ingeonekana kuwa jangwa pamoja na minara yake yote.

Sitaki msomaji adhani kwamba Kibera walipata pepo. Mtandao wao ulitegemea kwa kiasi kikubwa misaada, na msaada una tabia ya kununua chombo kwa furaha na kukataa kulipa umeme wa kukiwasha. Isitoshe, kijana aliyefunzwa vyema huchukuliwa na kampuni ya mjini, naye huenda, na ana haki ya kwenda. Wako wanaoliona hilo kuwa hasara; mimi naliona kuwa ndiyo faida yenyewe, kwa sharti kwamba shule haifungwi. Palipo na kundi jipya kila baada ya miezi mitatu, kuondoka kwa mmoja hakuuachi mtandao yatima. Mradi ufundishao mara moja tu, siku ya uzinduzi, mbele ya wapiga picha, huwa umekwisha kufa na haujui.

Majengo haikosi mahali pa kuanzia. Kiko Kituo cha Jamii cha St John's, kilichopo Pumwani tangu miaka ya 1950 na kilichozoea kazi za vijana. Ziko shule, misikiti na makanisa yenye paa za juu kuliko jirani zake. Sisemi chombo kifungwe juu ya msikiti, hilo ni la kamati ya msikiti kulifikiri; nasema tu kwamba anayetafuta paa refu hana haja ya kujenga mnara. Lianze darasa la watu 15, nusu yao wasichana, ambamo nusu ya muda ni mikanda ya usalama, kubana vichwa, kuyeyusha viungo na kusoma desibeli, na nusu ya pili ni daftari la hesabu na namna ya kumjibu mteja aliyekasirika. Waunganishwe na paa mbili za kwanza, kisha paa la tatu walifunge wenyewe bila mwalimu. Leseni iombwe mapema, kabla ya mteja wa kwanza.

Serikali imeahidi kilomita 100,000 za faiba, sehemu 25,000 za waifai ya umma na kituo cha kidijitali katika kila wadi, 1,450 kwa jumla. Yatakapofika Pumwani, nawaomba wazee wa mtaa, kina mama wenye nyumba na viongozi wa vijana, kabla ya kukata utepe na kupiga makofi, wamwulize mwenye mradi mambo mawili na wasimwache mpaka ayajibu: ni nani atakayetengeneza chombo hiki kikiharibika Jumamosi usiku, na fundi huyo analala nyumba gani hapa Majengo?